Visukuku vya samaki wa Ziwa Victoria

Visukuku vya samaki wa Ziwa Victoria ni meno na mabaki mengine ya samaki wa kale yaliyohifadhiwa katika tope la sakafu ya ziwa hilo, linalopakana na wilaya za Bukoba na Muleba mkoani Kagera, Tanzania. Mawe ya mchanga ya magenge ya Bukoba hayana masalia hayo, kwani yaliundwa kabla ya kutokea wanyama wenye mifupa.

Ziwa lilikauka na kujaa tena kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita. Utafiti wa meno kutoka tope hilo, uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, ulionyesha kuwa samaki waitwao furu waliingia pamoja na samaki wa jamii nyingine, hawakutangulia. Maji yalipoongezeka kina, furu walistawi hata mbali na ufuko. Wakazaa takriban spishi 500, zenye meno ya kukwangua mwani, kuvunja konokono au kukamata samaki. Baada ya sangara, samaki anayekula samaki wengine, kuingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, spishi nyingi za furu zilitoweka.