Nyayo za Bizari ya Mchuzi

Bizari ya mchuzi inayouzwa kwa kopo tumeizoea kuiita ya Kihindi, kana kwamba ilizaliwa India na ikakulia huko. Ukifuata nyayo za kila kiungo kilichosagwa ndani yake, njia moja inakupeleka Misri, nyingine Mexico, na ile ya unga wenyewe inaishia London. India ni njia panda ambako hizi zote zilikutana, na sifa kubwa ya wapishi wake ni kwamba walijua la kufanya na kila kilichofika.

Wenyeji wa kweli wapo. Huko Farmana, si mbali na Delhi, watafiti walichunguza vyungu vya ustaarabu wa bonde la Indus wakakuta chembe za wanga wa manjano na wa tangawizi, zenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Manjano yana jambo moja la kustaajabisha: hayatoi mbegu za kuota. Huenea kwa kukata kipande cha tunguu na kukifukia ardhini, kwa hiyo popote duniani unapoyakuta, ujue kuna mtu aliyeyabeba.

Mwenyeji wa tatu ni pilipili manga, mtambaji wa misitu yenye unyevu ya Malabar, kusini magharibi mwa India. Huyu alisafiri mapema mno. Ramses wa Pili, farao aliyefariki yapata mwaka 1213 KK, alizikwa na punje za pilipili manga zikiwa zimetiwa puani. Baadaye, Warumi walipoitawala Misri, pilipili hiyo ikawa biashara ya kutajirisha na kufilisi. Wanaakiolojia waliochimba bandari ya Berenike, kwenye Bahari ya Shamu, walikuta ndani ya hekalu mtungi wa Kihindi uliojaa pilipili manga, zaidi ya kilo saba. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa bahari hizi, uitwao Periplus. Humo ameitaja Muziris, bandari ya pilipili ya Malabar, na pia Rhapta, bandari ya pembe za ndovu ya mwambao wetu. Kwa hiyo pwani yetu imo katika habari za viungo tangu maandishi yake ya awali, na pepo za kaskazi na kusi ndizo zilizokuwa barabara.

Sasa tazama giligilani, binzari nyembamba na uwatu. Pengine hizi ndizo zinazokipa kopo ile harufu tunayoiita ya Kihindi, lakini asili yake ni Asia ya Magharibi na nchi zinazoizunguka Mediterania. Giligilani na uwatu vilikutwa ndani ya kaburi la farao Tutankhamun. Vilifika India kwa biashara na misafara, na leo India ndiyo inayoongoza kwa kuvilima.

Mgeni wa mwisho, pilipili kali, aliwapiku wote. Mwezi Aprili 1498 baharia Mreno Vasco da Gama alitia nanga Malindi, sultani wa mji akampa rubani aliyeijua bahari, na mwezi Mei akawa amefika Calicut. Nguzo ya Wareno ingali imesimama Malindi hadi leo. Walichokitafuta ni pilipili manga. Lakini miaka hiyo hiyo merikebu za Ulaya zilikuwa zinaleta mazao kutoka Amerika, na baada ya kuiteka Goa mwaka 1510, Wareno waliingiza pilipili kali India. Pilipili kichaa, mbuzi, hoho, zote asili yake ni huko Amerika. Pilipili manga hudai msitu, kivuli na mvua; hii nyingine huota hata uani kwa maskini. Ikaenea haraka, na mpishi wa kijijini akapata ukali bila kumlipa mfanyabiashara.

Na unga wa kopo je? Mpishi wa India hakuwa na mchanganyiko mmoja wa kila chungu. Mbengali alimpika samaki kwa haradali, mtu wa Kerala akatumia nazi na pilipili manga, na kila mmoja alisaga viungo vya siku ile. Ni Waingereza waliorudi kwao kutoka India, wakiwa na hamu ya chakula cha huko bila mpishi wa kukipika, ndio waliotaka yote katika chupa moja. Mwaka 1747 Hannah Glasse alichapisha jijini London kitabu chenye pishi la kari, na viungo vyake vilikuwa giligilani na pilipili manga tu. Kufikia 1784 duka moja la Piccadilly lilikuwa linautangaza unga wa kari, ndiyo bizari yetu ya mchuzi, gazetini.

Anayenigusa zaidi katika njia hii ni Sake Dean Mahomed. Alizaliwa Patna mwaka 1759, akatumika katika jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, akahamia Ireland, na mwaka 1794 akachapisha kitabu cha safari zake, cha kwanza cha Mhindi kwa Kiingereza. Mwaka 1810 alifungua London mkahawa wa vyakula vya Kihindi, wenye viti vya mianzi na viko vya maji vya kuvutia tumbaku. Miaka miwili baadaye alifilisika. Baadhi ya waliorudi kutoka India walikuwa na wapishi majumbani, na wengine walitosheka na unga. Mtu aliyeijua kazi hiyo kwa asili alishindwa, kopo likashinda.

Kopo si haramu, ila lina hasara yake: kiungo kikishasagwa, mafuta yenye harufu huanza kupotea hewani. Nunua giligilani, binzari nyembamba, uwatu na pilipili manga vikiwa vizima. Vikaange vikavu kwa moto mdogo, uwatu kidogo sana kwa sababu ukiungua huwa mchungu, kisha vitwange kinuni. Manjano yatie kwenye mafuta ya moto kabla ya maji, kwani rangi yake huyeyuka katika mafuta. Twanga ya wiki moja tu, ikiisha twanga nyingine.