Kiti Kilichovunjwa na Kiti Kilichosukumwa
Katika *Heidi* (1880–81) ya Johanna Spyri, kiti cha magurudumu cha Clara kinaporomoshwa mlimani na kuvunjika. Clara mwenyewe anaishia kutembea. Katika *The Secret Garden* (1911) ya Frances Hodgson Burnett, Colin naye anainuka. Ujumbe ni uleule: mtoto mlemavu hakamiliki mpaka apone. Je, msomaji mdogo asiyepona afanyeje? Afunge kitabu akalie?

Mwaka 1975, huko Marekani, Joan Fassler alitoa *Howie Helps Himself*, kitabu cha picha kilichochorwa na Joe Lasker. Howie ana mtindio wa ubongo, na haponi ng'o! Anachokitaka ni kukisukuma kiti chake mwenyewe, na mwishoni anakisukuma mpaka kwa baba yake. Mgogoro na ushindi vyote vimo mikononi mwake. Novemba mwaka huohuo, Marekani ilipata sheria ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu. Fasihi na jamii zilikuwa zikisukuma gurudumu moja.

Basi, ndugu mhakiki, tusiishie kuuliza kama mhusika mlemavu yumo. Tuulize: mwandishi amempa jambo la kulipigania, au amempa huruma tu?