Mwongozo ulichelewa miaka minne
Wasee, niliacha chuo mwaka wa pili. Tangu hapo lekchara wangu ni mwongozo wa programu, ule wa kusoma bure mtandaoni. Ukiwa mbovu, nimekwisha.

Ndiyo maana historia ya React hunikera kidogo. Ni programu huria ya kuunda kurasa za wavuti kwa vipande; Facebook waliitoa kwa umma 2013. Februari 2019 wakaleta Hooks, njia mpya ya kuandika hivyo vipande, na watu wakaipenda. Lakini mwongozo uliendelea kufundisha kwanza njia ya zamani, ya klasi. Hooks zilikuwa na kurasa zake kando, kama mgeni amewekewa kiti cha plastiki nje. Ati anayeanza ajifunze ya kale, kisha aisahau!

Mwongozo mpya ulitoka wa majaribio Oktoba 2021. Ule kamili, react.dev, Machi 2023. Miaka minne, manze. Sasa unaanza na Hooks, unabadilisha mfano palepale kwenye ukurasa, na kuna mazoezi yenye majibu. Na bado kuna watu huita kuandika mwongozo kazi ndogo. Mimi sina mtu wa kuuliza saa sita usiku. Nina huo ukurasa tu, na bando ikiwa haijaisha.