Wahunni Hawakuwa Wahuni

Umewahi kuskia ile stori ya watu waliokuwa wanapika nyama kwa kuikalia? Wanaweka nyama mbichi kati ya mapaja yao na mgongo wa farasi, wanapiga mbio, ikishapata joto kidogo wanakula. Hao ni Wahunni, wale wa Attila. Na tafadhali weka n mbili. Ukiweka moja wanageuka wahuni, ingawa aliyetuachia hiyo stori hangeona tofauti.

Anaitwa Ammianus Marcellinus. Alizaliwa karibu mwaka wa 330, Mgiriki, akawa ofisa wa jeshi la Roma, halafu uzeeni akaandika historia ya vitabu 31 kwa Kilatini. Vile 13 vya kwanza vilipotea. Vilivyobaki vinaanza mwaka wa 353 na kuishia 378. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na hakuna mwalimu aliyewahi kunitajia jina lake, nilikutana naye usiku nikitafuta kitu kingine kabisa. Na nampenda sana, wacha niseme mapema, ndio usidhani nimekuja kumchoma.

Nampenda juu jamaa alikuwa hapo. Mwaka wa 359 Waajemi walipozingira mji wa Amida, ambao leo ni Diyarbakır kule Uturuki, yeye alikuwa ndani. Mji ulipoanguka akachomoka gizani na wenzake wawili kupitia mlango mdogo usiolindwa. Huko mbele wakakuta kisima kirefu, kiu imewamaliza, kamba hawana. Wakararua nguo zao, wakaunganisha vipande, wakafunga mwishoni kofia ambayo mmoja wao alivaa chini ya helmeti, wakaizamisha inyonye maji kama sponji. Kitu kama hicho huwezi kutunga ukiwa umekaa mezani.

Sasa fungua kitabu cha 31, sura ya 2, pale Wahunni wanaingia. Ni kama mwandishi amebadilishwa. Anasema wanawachanja watoto mashavu kwa chuma ndio ndevu zisimee. Anawafananisha na wanyama wa miguu miwili. Eti hawatumii moto, wanakula mizizi, wanaogopa nyumba kama kaburi, wanavaa ngozi za panya wa porini mpaka zioze mwilini. Wananunua, wanauza, wanalala, yote juu ya farasi. Hawana mfalme, hawana dini, hawalimi.

Mahali pa kamba na kofia hapa hapako. Hakuna Mhunni hata mmoja mwenye jina, hakuna mahali anasema nilifika kwao nikaona. Anawaweka ng'ambo ya bahari ya Azov, karibu na bahari ya barafu, yaani mwisho wa dunia kwa mtu wa Roma. Na maneno mengine yana harufu ya zamani. Miaka kama 800 kabla yake, Herodotus alikuwa ameshawaandika Waskithi vivyo hivyo: hawana miji, hawalimi, nyumba zao ni magari ya kukokotwa. Mtu wa mjini akimwandika mfugaji anayehama, fomu huwa imeshajazwa, kinabaki kubadilisha jina tu.

Hiyo ya kutotumia moto ndiyo inanichekesha. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua masufuria ya Wahunni, makubwa kabisa, ya shaba iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kule Hungaria, Romania na kusini mwa Urusi. Niambie shaba unaiyeyusha na nini, jua? Na sufuria la ukubwa huo ulikuwa unatia nini, kama nyama inaivia kwa matandiko ya farasi?

Lakini kinachoniuma si hiyo. Endelea tu kurasa chache kwa kitabu hicho hicho. Mwaka wa 376 Wagothi, wakikimbia Wahunni, wanafika mto Danube na kuomba kuingia Roma. Wanakubaliwa. Halafu maofisa wawili wa Roma, Lupicinus na Maximus, wanaona biashara. Watu wana njaa, kwa hivyo wanakusanya mbwa na kuwauzia, mbwa mmoja kwa mtumwa mmoja. Hata watoto wa wakubwa wa Wagothi walichukuliwa. Ammianus anawataja hao maofisa kwa majina na hawahurumii. Wagothi wakaasi, na tarehe 9 Agosti 378 pale Adrianople, Kaizari Valens akauawa. Ammianus anasema ni kama theluthi moja tu ya jeshi lake iliyopona.

Kwa hivyo aliyetuambia jeshi la Roma liliporwa heshima na tamaa ya maofisa wake ni Ammianus. Na aliyetupa nyama chini ya mapaja ni yeye pia. Cheki ni ipi ilisafiri. Mbwa wa Lupicinus hakuna anayewajua.

Mwaka wa 449 mtu alienda. Priscus, Mgiriki pia, alifuatana na mabalozi kutoka Konstantinopoli mpaka kwa Attila. Alikuta nyumba za mbao zilizojengwa vizuri na hata bafu la mawe. Kwenye karamu wageni walipewa sahani za fedha, Attila mwenyewe akala kwa sahani ya mbao.

Huko Priscus akasalimiwa kwa Kigiriki na mtu aliyevaa kama watu wa kule. Alikuwa mfanyabiashara wa Viminacium, alitekwa, akapigana vita upande wa Wahunni, akapata uhuru wake, akaoa, akazaa. Hakutaka kurudi. Alisema Roma kodi zinaua na kortini tajiri haguswi. Priscus akamtetea Roma kwa hotuba ndefu kuhusu sheria. Yule mtu akalia, akasema sheria ni nzuri kweli, ni hao wenye kuzishika wanaoziharibu. Kisha mazungumzo yao yakakatizwa, na yeye akabaki na Wahunni wake.