Mlango mmoja au miwili? Historia fupi ya orodha za watumiaji na wasanidi

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayefanya kazi naye aliniuliza: "Kaka, programu yetu huria sasa ina watumiaji kama thelathini. Tufungue orodha mbili za barua pepe, moja ya wenye maswali na nyingine yetu sisi tunaoandika msimbo?" Nilikaribia kusema ndiyo. Halafu nikakumbuka kosa langu la zamani, nikamwomba siku mbili. Jibu langu ni hili, na inabidi nianzie mbali.

Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliandika katika comp.os.minix, kikundi cha Usenet cha watu wa Minix. Aliwaambia anatengeneza mfumo wa uendeshaji, akawauliza wangependa uwe na nini. Siku hizo mtumiaji na msanidi walikuwa karibu mtu mmoja. Aliyeitaka Linux ilimbidi aijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo, na ikigoma, airekebishe. Wote walikuwa jikoni.

Baadaye jiko likajaa. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ina debian-user kwa watumiaji na debian-devel kwa wasanidi. Python nayo ilikuwa na kikundi chake cha comp.lang.python tangu 1994, kisha mwaka 1999 wanaoitengeneza lugha yenyewe wakapata python-dev. Sababu inaeleweka. Swali la namna ya kusakinisha likija mara ya hamsini, anayelijibu ni yule yule aliyepaswa kukagua viraka vya wenzake. Mwishowe anachoka na vyote viwili.

Lakini si kila mradi mkubwa ulifuata njia hiyo. Torvalds alianza Git Aprili 2005, baada ya wasanidi wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia BitKeeper bure. Julai mwaka huo huo alimkabidhi Junio Hamano. Orodha ya Git iliyoko vger.kernel.org imebaki moja: aliyekwama na aliyeleta kiraka wanaandika mahali pamoja. Faida yake ni kwamba malalamiko humfikia moja kwa moja mtu anayeweza kuyamaliza. Hasara ni kwamba mgeni hujikuta katikati ya rundo la viraka, na wengi huona heri wakaulize kwingine.

Mfano unaonigusa zaidi uko karibu na nyumbani. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kama wazo mwaka 2004 kati ya Regenstrief Institute ya Indiana na Partners In Health. Mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, katika mpango wa AMPATH wa kuwahudumia wagonjwa wa VVU, kisha ukafika Rwanda mwaka huo huo. Hapa mtumiaji ni muuguzi au karani anayeingiza data, si mtu wa kuandika viraka. OpenMRS walikuwa na orodha ya wasanidi, na nyingine ya wale wanaousimika mfumo kwenye vituo vya afya. Hiyo ya pili ndiyo ya kuigwa. Watu hao wanaijua seva, na karani wanamjua kwa jina. Wao walikuwa daraja.

Sasa kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na programu ndogo ya kutunza hesabu za chama. Nilipofikisha watumiaji kumi na wanne nikafungua orodha mbili, ili tuonekane mradi mkubwa. Ya watumiaji sikuwa naisoma. Mama mmoja, mweka hazina wa chama chao, aliandika mara tatu kwamba riba hailingani na daftari lake. Barua zake zilikaa wiki sita. Mimi nilikuwa upande wa pili, nikibishana na wenzangu wawili kuhusu muundo wa hifadhidata. Hitilafu yenyewe ilikuwa mstari mmoja, jinsi nilivyokadiria senti. Nilipoirekebisha, mama alikuwa amesharudi kwenye daftari, na wanachama walikuwa wameanza kumuuliza kama pesa zao zimeliwa. Hilo la mwisho bado linaniuma.

Debian na Python waligawana kwa sababu watu walikuwa wamezidi. Mimi niligawa kwa kuiga tu.

Basi nimemjibu kijana hivi. Tubaki na orodha moja maadamu tunaweza kusoma kila barua. Siku tutakaposhindwa, tugawe, lakini kila wiki msanidi mmoja awe na zamu ya kukaa upande wa watumiaji, jina lake likijulikana. Amekubali, ila ameomba zamu tuianze sasa hivi, hata kabla ya kugawa.

Wiki hii ni yangu.