Kati, sketi na karatasi ya fulskapu

Sawa wasee, leo sina siasa. Leo ni kati.

Kama ulisomea shule ya msingi popote kati ya Ahero na Bondo, unajua ninachosema. Wawili wanarusha mpira, mmoja huku mwingine kule, na wengine wote wako katikati wanakwepa. Ukigongwa umekufa. Unatoka, unasimama kando na wafu wenzako, unaanza kupigia kelele aliyebaki. Akibaki mmoja, anahesabiwa mirusho. Akizikwepa zote, wafu wote wanafufuka na mnaanza upya. Kengele ikilia mko bado mnabishana kama ile ya mwisho ilimgusa ama haikumgusa.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya video moja niliyoiona wiki iliyopita, ya jamaa fulani wa Marekani akieleza historia ya dodgeball. Anasema mchezo ulianzia Afrika, zaidi ya miaka 200 iliyopita, ambapo watu walikuwa wakirushiana mawe kama mazoezi ya vita. Mmishonari akaona, akaupeleka Uingereza, mawe yakageuka mpira, kisha ukavuka hadi Marekani. Anasema hivyo bila hata kupepesa macho.

Nimeitafuta hiyo hadithi kwa siku tatu. Iko kila mahali kwenye intaneti, na kila mahali ni ile ile, maneno yamehama tu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Haina kabila. Haina kijiji, haina mto, haina hata nchi. Ni "Afrika", basi, kama vile Afrika ni uwanja mmoja nyuma ya kanisa. Mimi siiamini. Ile filamu ya kuchekesha ya 2004, DodgeBall, ilidai mchezo ulianzia China, lakini angalau wao walikuwa wanatania.

Kinachoniuma hata si uongo. Ni kwamba walipoamua kutupatia mchezo, walitupatia mawe na mashujaa wenye vifua wazi. Hakuna aliyewahi kufikiria wasichana wa darasa la tano wenye sketi za buluu na mpira wa makaratasi. Na hao ndio wameucheza, hapa, mbele ya macho yetu, kila siku saa nne ya mapumziko.

Sasa tuongee historia ambayo mtu anaweza kuishika mkononi.

Ukivuka mpaka pale Busia unaingia Uganda, na huko wanauita kwepena. Mtu wa Kiswahili hahitaji mkalimani, kukwepa ni kukwepa. Ukishuka Tanzania kuna rede, na kuna namna ya kuicheza ambapo wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, yaani una kazi mbili na roho moja. Kwa hivyo ziwa hili letu limezungukwa na watoto wanaokwepa mpira, nchi tatu, majina matatu. Nilimuuliza dani yangu kama wao walicheza. Akasema walicheza, mpira wa matambara, lakini jina analolitaja si kati, na kila nikimwomba alirudie linabadilika kidogo. Anachokumbuka vizuri zaidi ni adhula, ule mchezo wa magongo wa Wajaluo, na anaukumbuka kwa hasira kwa sababu ulikuwa wa wavulana.

Mpira wenyewe una historia yake. Wetu ulikuwa wa karatasi za nailoni, zile wengine wanaita juala. Unachukua moja, unaijaza zingine, unakunja, unafunga kwa uzi wa katani hadi inakuwa ngumu kiasi cha kuuma mgongo lakini si kuvunja jino. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ikapiga marufuku karatasi hizo. Faini milioni 2 hadi 4, ama jela mpaka miaka 4. Sisemi marufuku ilikuwa mbaya, mitaro ya Nyalenda naijua na nimeiona ikifurika kwa sababu ya hizo karatasi. Nasema tu kwamba nilikuwa darasa la nane na katika muhula mmoja mpira wa kati ulibadilika nchi nzima. Tukahamia soksi kuukuu za mitumba kutoka Kibuye, zimejazwa vitambaa. Mpira wa soksi ni mwepesi, haufiki mbali, kwa hivyo warushaji wakasogea karibu, na wa katikati wakaanza kufa haraka. Waziri aliyetia sahihi hakujua kama amepunguza urefu wa uwanja wetu kwa hatua nne.

Na kuna kitu kingine. Mimi nilizaliwa 2003, mwaka ule ule Kibaki alipofanya shule ya msingi kuwa bure na zaidi ya watoto milioni moja wapya wakaingia madarasani. Tulikuwa wengi, bana. Walimu ni wale wale, mpira wa shule ni mmoja na wavulana wameuchukua. Sasa angalia dodgeball ya kimataifa: timu mbili, sita kila upande, mipira kadhaa imepangwa kwenye mstari wa kati, mnaikimbilia. Huo ni mchezo wa watu wenye stoo ya vifaa. Kati inahitaji mpira mmoja na inaweza kumeza watoto ishirini. Mtu aliyeibuni, yeyote yule, alikuwa na mpira mmoja na marafiki wengi.

Haya, tuingie chuo.

Niliingia chuo kikuu kimoja huku kwetu, sitakitaja, na nilitoka bila cheti, hiyo mnajua. Nikiwa mwaka wa kwanza Jumapili jioni zilikuwa zinatuua kwa uvivu. Tukaanzisha ligi ya kati, sisi wasichana wa hosteli, timu sita, za kujifurahisha tu. Jumapili ya kwanza haikufika nusu saa. Mimi wa Kisumu najua wa mwisho anakwepa mirusho 10. Dada wa Kakamega anasema 12. Wa Mombasa anasema ukiudaka mpira aliyerusha ndiye anayetoka, wakati kwetu ukidaka unapata roho ya akiba unayoweza kumpa mfu mmoja. Wa Kisii hajawahi kusikia kudaka kabisa, kwake kudaka ni kugongwa mikononi. Tulipigiana kelele hadi askari wa geti akaja kuuliza nani ameibiwa.

Usiku huo tukakaa chumbani kwangu, watu tisa kwenye vitanda viwili, tukaandika sheria kwenye fulskapu.

Baadaye nikaja kusoma kwamba kandanda ilipitia kitu hicho hicho. Mwaka 1848, Cambridge. Wanafunzi walitoka shule tofauti, kila shule na sheria zake, na wa Eton wakawa wanawazomea wa Rugby kwa kushika mpira na mikono. Wakakutana chumbani kwa mmoja wao, H. C. Malden. Kwa kumbukumbu yake mwenyewe, aliyoiandika karibu miaka 50 baadaye, walianza baada ya mlo wa saa kumi jioni na kumaliza dakika tano kabla ya saa sita usiku. Sheria zikabandikwa uwanjani. Chama cha kandanda cha Uingereza kilikuja 1863, na kazi ya wale vijana wa Cambridge ilimfaa sana. Na kutoka Cambridge hiyo hiyo ndiko alikotoka Carey Francis, mwalimu wa hisabati aliyekuwa mkuu wa shule ya Maseno kuanzia 1928 hadi 1940 kabla ya kuhamia Alliance, na aliyewafundisha vijana wetu mpira kama dini. Kwa hivyo kandanda ilifika kwetu ikiwa na karatasi yake mkononi. Kati haikuwa na karatasi, kwa hivyo hakuna aliyeifundisha, haina kombe, haina jezi, na haijawahi kumlipia mtu ada. Naongea kama mtu ambaye ada ilimshinda.

Turudi chumbani. Mirusho tulimaliza haraka, 10. Kudaka kulichukua saa nzima, roho ya akiba ikashinda kura tano kwa nne. Kichwa hakirushwi, hapo hakuna aliyepinga. Kilichotuweka macho hadi usiku wa manane ni sketi.

Mpira ukigusa nguo bila kugusa mwili, umekufa ama hujafa? Shuleni tulikuwa tunabishana kuhusu hili kila siku, kwa sababu sketi inapepea, unakwepa wewe yenyewe inabaki nyuma. Kulikuwa na kijana mmoja, mpenzi wa mmoja wetu, alikuja na kurasa kumi na moja alizochapisha za sheria za ligi za vyuo vya Marekani. Huko wana ligi ya vyuo tangu 2005, mambo yameandikwa hadi ukubwa wa mpira. Akatusomea: nguo ni sehemu ya mwili. Akasema tusijifanye wajanja, wenzetu walishamaliza huu mjadala.

Dada wa Mombasa alikuwa amekaa sakafuni na buibui lake. Hakuwa amesema kitu kwa muda. Akasema, "Mkihesabu nguo, mimi mmeniua kabla sijaingia."

Chumba kikanyamaza. Sheria ile iliandikwa na watu wa kaptura, kwa ajili ya watu wa kaptura, wala hawakuwa na ubaya wowote, ni vile tu hakuna mwenye buibui aliyekuwa chumbani siku hiyo. Tukaandika nambari saba: nguo si mwili. Yule kijana akasema basi wanaume watakuja wamejifunga leso. Na kweli, Jumapili iliyofuata mmoja alikuja na leso ya mamake hadi kifundoni. Tulicheka hadi tukakaa chini. Aligongwa kisogoni na mrusho wa tatu, kinyume cha sheria, na hakuna aliyemtetea.

Tulicheza mihula miwili. Kisha mambo yangu ya pesa yakawa vile yalivyokuwa na nikarudi nyumbani Nyalenda, nikaanza hii kazi ya simu na kamera ambayo mamangu bado anaiita "kungoja".

Mwaka jana nilipita pale kuchukua transkripti. Ilikuwa jioni, nikasikia kelele naijua. Wanacheza kati! Watu siwajui, wadogo, wamevaa bibu za rangi, wana refa mwenye kipenga. Nilifurahi, sidanganyi, macho yalinilowa. Sheria zimechapwa kwa kompyuta, zimewekwa ndani ya plastiki na kutundikwa ukutani. Nikazisoma. Mirusho 10. Roho ya akiba, ipo. Kichwa hakirushwi. Nambari saba: nguo ni sehemu ya mwili.

Nikatafuta kwa macho. Dada yule alikuwa mwaka wake wa mwisho, amekaa ukingoni na daftari, anaandika pointi. Tukakumbatiana. Nikamuuliza, kwani wewe huchezi? Akasema siku hizi anapenda kuhesabu. Nikamwendea refa, nikamuuliza nani alibadilisha ya saba. Akaniangalia kama mtu wa kuuza karanga aliyepotea. "Haijabadilishwa, dadangu. Sheria ni hiyo tangu zamani."

Tangu zamani. Miaka miwili! Nilitaka kumwambia kuna fulskapu, ina mwandiko wangu, ina doa la chai. Lakini sina. Hakuna aliyeipiga picha. Wale wa Cambridge pia, karatasi yao ya 1848 haipo, nakala ya zamani zaidi iliyobaki ni ya miaka kadhaa baadaye, kwa hivyo hata wao tunawaamini kwa barua ya mzee mmoja. Ndiyo inavyokuwa. Miaka mia ikipita refa wa huko atasema kati ilianzia Afrika zamani sana, na watu walikuwa wanacheza uchi.

Basi naandika hapa, na tarehe ya chapisho hili iko juu, kila mtu aione. Hivi ndivyo tulivyokubaliana, watu tisa, hosteli ya wasichana, muhula wa pili wa 2022. Warushaji wawili, hatua kumi na nne kati yao, na hatua zinapimwa na mtu mfupi zaidi uwanjani. Mpira mmoja, wa soksi, unafungwa na timu mgeni mbele ya timu mwenyeji. Kichwa hakirushwi; ukirusha unakaa nje mizunguko miwili. Ukidaka una roho moja, unaweza kuitumia ama kumpa mfu. Mpira ukigonga chini kwanza hauui. Wa mwisho anakwepa 10, na anayehesabu ni yule aliyekufa wa kwanza, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Nguo si mwili. Kuhusu leso tulisema tutaamua Jumapili ijayo, na hatukuwahi kuamua.