Kontroo boksi la gari hujifunza nini? Historia inayopita Kibiti

Safari moja nilikuwa kwenye Noah kutoka Mbagala kwenda Kibiti. Tukiwa tumeshaipita Mkuranga, silensa ikaanza kupanda na kushuka, na taa ya injini ikawaka. Fundi wa pembeni mwa barabara akachomoa terminali ya betri, akasubiri kidogo, akairudisha. Taa ikazimika. "Tayari kaka, kontroo boksi limesahau," akamwambia dereva, akapokea hela yake. Kabla hatujafika Bungu, taa ikawaka tena.

Fundi alisema kweli: kompyuta ilikuwa imesahau. Ila ngoja nikuulize wewe msomaji: ilisahau nini hasa? Tukilijua hilo, tutajua kama dereva yule alilipia matengenezo au alilipia kufuta ushahidi.

Turudi nyuma kidogo. Enzi za kabureta, injini haikujifunza chochote. Aliyejifunza alikuwa fundi: anazungusha skrubu, anasikiliza mlio, anaacha. Mashine nyingi ndogo za boti kwenye delta ya Rufiji ziko hivyo mpaka leo. Uchafu ukiingia, skrubu haijui. Inabaki pale pale ilipoachwa.

Mwaka 1976 Volvo ilianza kuuza California magari yenye sensa ya oksijeni ya Bosch kwenye bomba la moshi. Kwa injini ya petroli, kilo 1 ya mafuta huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Sensa hunusa moshi na kuiambia kompyuta kama oksijeni imebaki au imekwisha. Imebaki? Nozeli zinaongeza mafuta. Imekwisha? Zinapunguza. Mchezo huu haukomi injini ikiwa imepata moto.

Kujifunza kwenyewe kulikuja kompyuta zilipopewa kumbukumbu, jambo lililoenea miaka ya 1980. Ili uelewe, mfikirie nahodha anayetoka Nyamisati. Mkondo wa maji kwenye delta huhama, mchanga hujaa hapa na kuchimbika pale. Leo akigusa mchanga, anakata kona kidogo upande wa kushoto. Hayo ni masahihisho ya papo hapo. Lakini akilazimika kukata kushoto pale pale kila safari, mwisho anakubali kwamba njia imehama, na kesho anaanzia kushoto bila kungoja kugusa mchanga.

Kompyuta ya gari inafanya hivyo hivyo. Ikiona kila siku inalazimika kuongeza mafuta, tuseme asilimia 8, inaiandika namba hiyo na kuanzia hapo. Huandika namba tofauti kwa gari likiwa limesimama, likipanda mlima, au likikimbia. Kwenye magari mengi ya zamani kumbukumbu hii huishi kwa umeme wa betri. Ukichomoa terminali, nahodha wako ameamka hajui njia.

Sasa, historia hii inatuhusu vipi? Tangu miaka ya 1920, petroli duniani ilichanganywa na risasi ili injini isigonge. Risasi hiyo hudhuru ubongo wa watoto, na pia hugandamana na sensa ya oksijeni mpaka ikafa. Magari yaliyotumika yalikuja kwetu kutoka Japani, ambako petroli ilikuwa imeshaachana na risasi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na magari yakaacha kuvuka Rufiji kwa kivuko, nchi za Kusini mwa Sahara bado hazikuwa zimemaliza kuiondoa. Walikubaliana Dakar mwaka 2001, wakamaliza mwanzoni mwa 2006. Kumwekea gari la namna hiyo petroli yenye risasi ni kumpa mwanafunzi mwalimu muongo: kompyuta inajifunza kwa bidii, lakini inajifunza uongo.

Na hapo ndipo penye funzo letu. Kompyuta haijui ukweli wa injini, inajua tu inachoambiwa na sensa zake. Namba iliyojifunza ni maelezo ya ugonjwa. Ikiwa imepanda sana upande wa kuongeza mafuta, huenda kuna paipu inayovuja hewa, chujio la mafuta limeziba, pampu imechoka, au sensa yenyewe imekufa. Kompyuta hufidia kimya kimya mpaka ifike kikomo chake, ndipo inawasha taa.

Kwa hiyo gari lako likisumbua, mwambie fundi apime kwa kompyuta na asome namba kabla ya kugusa betri. Afute baada ya kutengeneza, siyo badala ya kutengeneza. Na akikwambia ununue kontroo boksi jingine, muulize kwanza: hili la zamani lilikuwa linalalamikia nini?